Sherehe Nne Ndani ya Diski C

"Kaka, hii ina virusi," aliniambia kijana mwenye steshenari moja ya Kirumba, njia ya kushukia Mwaloni, huku akinisogezea laptop. Diski C ilikuwa nyekundu: zimebaki GB 1.9 kati ya 238. (Aliuziwa ya GB 256 na hakupunjwa. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni kamili, Windows huhesabu kwa 1,024 mara tatu, ndipo namba inaposinyaa.)

Wiki nzima alikuwa anafuta. Alianza na picha za pasipoti za wateja, kama 3,000 hivi, kila moja KB 60. Zote pamoja hazifiki MB 200! Tena zilikuwa bado zimelala kwenye pipa la taka, hazijaachia hata baiti moja.

Pale sokoni Mwaloni hakuna anayenunua gunia la dagaa kwa kulikadiria kwa macho wakati mzani upo. Ukurasa wa hifadhi kwenye mipangilio ya Windows haukunifaa, maana hupanga vitu kwa mafungu mapana mno. Nikafungua WizTree, programu ya kupima faili za diski. Hii haizunguki folda moja moja. Kwenye diski ya NTFS inasoma daftari kuu, MFT, ambamo jina na ukubwa wa kila faili vimeshaandikwa. Ikamaliza kwa sekunde chache. Iendeshe kwa haki za msimamizi, la sivyo itarudi kwenye kuzunguka.

Kisha huja mchoro wa mistatili, kila faili na eneo lake kulingana na uzito wake. Mwaka 1990 Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, aliubuni mchoro wa aina hiyo kwa sababu diski ya maabara yao, MB 80 kwa watu 14, ilijaa na ikawa vigumu kujua nafasi imeliwa wapi.

Kwetu, mistatili ya rangi moja ilifunika zaidi ya robo ya mchoro. Faili za .cfa. Zilikuwa ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha: GB 64.

"Lakini video zangu zote ziko diski ya nje!"

Kweli, video ziko huko. Ila kijana huyu huhariri harusi na send-off, na sauti ya kamera zake huja imebanwa. Programu ya kuhariri huifungua na kuiandika upya kwenye C bila kuibana, ndizo hizo faili za .cfa: sampuli 48,000 kwa sekunde, baiti 4 kila moja, chaneli 2. Hiyo ni karibu GB 1.3 kwa saa. Kamera mbili zikirekodi saa sita sita, sherehe moja inakula GB 15 na ushee, sauti tupu. Alikuwa amehariri sherehe nne.

Tulifunga miradi, tukafuta akiba hiyo ya sauti kupitia mipangilio ya programu yenyewe, tukaielekeza diski ya nje. Akifungua mradi wa zamani itaandikwa upya. Atasubiri kidogo, basi.

Alitaka na hiberfil.sys iondoke, GB 3.2. Nikamkatalia. Umeme ukikatika usiku na betri ikaisha, ndiyo inayomtunzia kazi iliyokuwa wazi.

Lililobaki ni pipa la taka. Kabla hajalimwaga, mteja alisimama mlangoni akitaka nakala nne za picha aliyopiga mwezi uliopita.