Kiungani: Mwanafunzi Aliyemfundisha Mwalimu Lugha

Shule ya Mtakatifu Andrea, iliyosimamishwa Kiungani, kusini ya Mji Mkongwe wa Unguja, na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, yaani chama cha Kianglikana kilichotokana na wito alioutoa David Livingstone mbele ya wasomi wa Cambridge mwaka 1857, ilianza kazi katika hali ambayo vyuo vya walimu wa dini hukutana nayo kwa nadra: wanafunzi hawakuwa na lugha moja, na walimu hawakuijua lugha ya yeyote kati yao. Askofu William Tozer alipohamishia misheni Unguja mwaka 1864, akiwa pamoja na Edward Steere, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwake na Sultani Majid. Waliowafuata, wakiwamo Wayao, Wamakua na Wanyasa, walikuwa watoto waliotenganishwa na wazee wao kabla ya kurithishwa mila zao.

Steere, aliyekuwa askofu tangu mwaka 1874 hadi alipofariki mwaka 1882, alianza kwa kujifunza. Alikusanya hadithi kutoka kwa Waswahili wa mjini, na mwaka 1870 akatoa mkusanyo wa hadithi za Kiunguja pamoja na kitabu cha sarufi ya lugha hiyo, ili somo la dini lisemwe kwa Kiswahili kinachosemwa na watu. Kilichochapwa kilirudi darasani. Tena wavulana walifundishwa kazi ya kiwanda cha chapa, na faida yake kielimu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu anayepanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, hulazimika kulichunguza neno kwa makini ambayo msomaji wa kawaida hana haja nayo.

Ugumu ulikuwa katika istilahi, yaani maneno maalumu ya fani. Kiswahili cha mjini kilikuwa tayari na maneno kama dhambi, toba, imani, nabii na Injili, yaliyoingia kupitia Kiarabu na kukomazwa na karne nyingi za Uislamu, na misheni iliyachukua badala ya kubuni mapya. Kwa mkaazi wa Mji Mkongwe uamuzi huo ulikwenda sawa na kanuni ya kumtoa mwanafunzi kwenye analolijua hadi asilolijua. Lakini aliyeketi darasani Kiungani hakuwa mkaazi wa Mji Mkongwe. Alikuwa mtoto wa Kiyao ambaye neno toba lilikuwa geni kwake kama lilivyokuwa fundisho lenyewe, kwa hiyo alibebeshwa mizigo miwili kwa safari moja. Hati nayo iligawanya watu: shule ilifundisha kwa herufi za Kilatini, ilhali majirani waliojua kusoma walisoma kwa herufi za Kiarabu, na hivyo kitabu cha shule hakikuweza kupita mlango wa jirani kwa urahisi.

Fidia ya kasoro hiyo ilipatikana katika kumwachia mwanafunzi aandike. Mwaka 1887 A. C. Madan, mwalimu ambaye baadaye alitunga kamusi za Kiswahili na Kiingereza, alichapisha kwa tafsiri ya Kiingereza masimulizi ambayo wavulana wa Kiungani waliyaandika juu ya makwao na jinsi walivyotekwa. Na mwaka 1888 gazeti la Msimulizi lilianza kuchapwa hapohapo. Zoezi la namna hiyo lilimgeuza anayefundishwa kuwa chanzo cha maarifa, jambo ambalo katekisimu, mafundisho ya maswali na majibu ya kukariri, haiwezi kulifanya hata ikikaririwa bila kosa.

Wasichana nao walikuwa na mahali pao: Mbweni, shamba ambalo misheni ililinunua mwaka 1871, palikuwa na shule yao ambako Caroline Thackeray alifundisha tangu mwaka 1877; na bila shule hiyo vituo vya misheni vya bara vingepata walimu wanaume peke yao.

Kipimo cha yote haya kilikuwa kama mwanafunzi aliweza kufundisha wengine. John Swedi, mmoja wa wale watano wa mwanzo, alipewa ushemasi, daraja lililo chini ya ukasisi, mwaka 1879. Hata hivyo mbinu pekee haielezi mafanikio hayo. Shule ilishika watoto wasio na ukoo wa kuwarudisha nyumbani, ikawalaza, ikawalisha na kuwaoza; Waunguja wenyewe, waliokuwa na vyuo vyao vya Kurani na masheikh wao, hawakuvutwa na ufundi uleule.

Jaribio lililo wazi zaidi ni la Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akasoma Kiungani, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa ukasisi. Kituo chake kilikuwa Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, kati ya Wayao wenzake, na huko Kiswahili cha Steere kilibaki kuwa lugha ya vitabu. Mazungumzo na wazee wa mji ilibidi yafanywe kwa Kiyao, lugha ambayo Kiungani haikumfundisha.