Njaa Penye Chakula

Msomaji, ukimwuliza mtu sababu ya njaa, aghalabu atakujibu kwa neno moja: mvua. Mvua ikikosa, mimea hukauka. Mimea ikikauka, ghala huwa tupu. Ghala likiwa tupu, watu hufa. Jibu hili lina sura ya ukweli, na yeyote aliyeona shamba la mahindi limenyauka kabla ya kubeba hawezi kulicheka. Hata hivyo, mwaka wa 1981 kilitokea kitabu kilicholitia jibu hili katika mizani na kuliona lina upungufu. Kitabu hicho chaitwa Poverty and Famines, na mtungaji wake ni Amartya Sen, mwanachuoni wa uchumi aliyezaliwa Bengal, katika Bara Hindi, mwaka wa 1933, akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1998. Nataka tukipime pamoja, uzuri wake na kasoro zake, kwa kuwa habari iliyomo ni ya kufa na kupona, na kwa kuwa kitabu chenye sifa kubwa ndicho hasa kinachohitaji kusomwa kwa macho mawili.

Sen hasemi kwamba mvua na mavuno si kitu. Asemalo ni kwamba kati ya chakula na kinywa pana mlango, na kila mtu huufungua kwa ufunguo wake. Mkulima huufungua kwa mavuno yake, kibarua kwa ujira wake, mfugaji kwa mbuzi wake, kinyozi kwa wembe wake. Ufunguo huu twaweza kuuita stahiki. Neno hili lisikudanganye. Stahiki anayoitaja Sen si haki ya utu ambayo wahubiri na wanasiasa huisifu. Ni kiasi kile tu ambacho sheria na soko humruhusu mtu kuchukua. Maskini aliyesimama mbele ya duka lililojaa mchele hana stahiki ya hata punje moja ikiwa mfuko wake ni mtupu, na akinyosha mkono atakamatwa yeye, si mwenye duka. Hili ndilo wazo gumu kuliko yote katika kitabu, nami naona ndilo la kweli kuliko yote: yawezekana watu wengi wafe kwa njaa bila sheria yoyote kuvunjwa.

Ushahidi wake mkubwa ni njaa ya Bengal ya mwaka wa 1943, wakati Sen mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka tisa. Wajapani walikuwa wameiteka Burma mwaka wa 1942, na mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika. Mwezi wa Oktoba mwaka huo tufani ilipiga pwani ya magharibi ya Bengal. Serikali ya Waingereza nayo, kwa kumhofu adui, ilizichukua au kuziharibu mashua za watu wa pwani, mashua walizotumia kuvulia na kupelekea bidhaa sokoni. Tume ya serikali iliyochunguza baadaye ilikadiria vifo kuwa milioni moja na nusu. Sen, kwa hesabu yake, aliona ni karibu milioni 3. Lakini alipokusanya takwimu za mavuno na za mchele ulioingia, aliona kwamba chakula cha mwaka wa 1943 kilipungua kwa karibu asilimia 5 tu chini ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na tena kilikuwa kingi kuliko cha mwaka wa 1941, mwaka ambao haukuwa na njaa kuu.

Basi ni kitu gani kilichoua? Fedha za vita zilimwagika Calcutta, bei ya mchele ikapanda zaidi ya maradufu kati ya Desemba 1942 na Agosti 1943, na ujira wa kibarua wa shamba haukuweza kuifuata. Wafanyakazi wengi wa mjini waliuziwa mchele kwa bei nafuu. Waliokufa katika njia za mji huo walikuwa watu wa vijijini: vibarua, wavuvi, mafundi wa kazi za mikono. Mkulima aliyelipwa sehemu ya mavuno alisalimika zaidi kuliko kibarua aliyelipwa fedha, ingawa wote wawili walilima udongo ule ule. Mtu asipokitendea kitabu hiki jambo jingine, na asome kurasa hizo.

Sura ya Ethiopia yafuata njia hiyo hiyo. Katika jimbo la Wollo, mwaka wa 1973, mavuno yalikufa kwa ukame. Lakini bei ya chakula katika mji wa Dessie haikupanda sana, na chakula kingine kilitolewa Wollo kupelekwa Addis Ababa. Wenyeji hawakuwa na cha kununulia, na soko halina masikio ya kumsikia asiye na fedha. Linganisha na Maharashtra, katika Bara Hindi, mwaka huo huo wa 1973. Huko pia ukame ulikuwa mkali, lakini serikali ilifungua kazi za umma, na wakati kazi zilipofikia kilele karibu watu milioni 5 walikuwa wakichimba, wakijenga barabara na kupokea ujira. Baa la njaa halikutokea. Mfano huu haumo katika kitabu chetu. Sen aliueleza pamoja na Jean Drèze katika kitabu cha mwaka wa 1989. Nasikitika kwamba haukuwamo tangu mwanzo, kwa sababu kitabu cha kwanza hueleza ugonjwa kwa urefu na dawa kwa ufupi mno.

Sasa tuzitazame kasoro. Wako walioikataa hesabu ya Bengal, mathalan Peter Bowbrick, aliyedai kwamba takwimu za mavuno hazikustahili kuaminiwa. Hoja hiyo hainitikisi sana: hata kama mchele ulikuwa haba kuliko alivyodhani Sen, bado yatupasa kueleza kwa nini mvuvi alikufa na karani akaishi. Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa Alex de Waal, aliyechunguza njaa ya Darfur ya miaka ya 1984 na 1985. Aliona watu wakijinyima kwa hiari, wakilala na njaa ili wasiuze mnyama wa mwisho wala kula mbegu ya msimu ujao. Aliona pia kwamba maradhi, zaidi ya ukosefu wa chakula wenyewe, ndiyo yaliyowamaliza wengi. Watu wa Sen hununua, huuza, hula au hufa. Watu wa de Waal wanafikiri juu ya mwaka ujao.

Tena Sen aliiacha vita mlangoni. Stahiki huwapo penye sheria. Mtu mwenye bunduki hahitaji stahiki. Mwezi wa Agosti 2024 wachunguzi wa kimataifa walithibitisha baa la njaa katika kambi ya Zamzam, karibu na mji wa El Fasher, huko huko Darfur, wakati mji ulipokuwa umezingirwa kwa vita. Hapo soko halikushindwa lenyewe, liliuawa. Wala kitabu hakitoshi kwa njaa isiyo na makelele. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka wa 2024 watu milioni 673 duniani walikuwa na njaa, na wengi wao hawamo katika baa lolote litakaloandikwa katika historia.

Pamoja na hayo, mwanafunzi wa Kenya ana sababu yake ya kukisoma. Mfugaji wa Turkana au Marsabit huijua habari hii bila kufundishwa: ukame ukija, mbuzi hukonda na bei yake huanguka, na wakati ule ule bei ya unga hupaa, hata mbuzi aliyenunua gunia hununua vibaba. Ndiyo maana mpango wa serikali wa kuwapa fedha taslimu jamaa maskini wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera una maana ambayo lori la mahindi peke yake halina. Na Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Sen angetuuliza mara moja: haki hiyo yafungua mlango gani, na ufunguo wake yuko nao nani?

Ukikipata kitabu hiki maktabani, usianze mwanzo. Sura za kwanza, zinazobishana juu ya jinsi ya kuupima umaskini, ni kavu, na hesabu za mwishoni zitakutisha bure. Anza na sura ya 6, ya Bengal, kisha ya 7, na kalamu iwe mkononi.