Mtunzi Hulipwa, Mwimbaji Husifiwa

Wimbo "Respect" ulitungwa na Mmarekani Otis Redding, akaurekodi mwaka 1965. Kwake, mume anadai heshima nyumbani kwa kuwa ndiye mleta fedha. Mwaka 1967 Aretha Franklin aliuimba upya, na dai likawa la mwanamke. Akaliendeleza neno lile herufi moja moja, kama mwalimu mbele ya darasa lisilotaka kusikia, na nduguze wakamwitikia. Redding hakuyaimba hayo. Ni kazi ya mwimbaji, nayo ndiyo watu wengi waikumbukayo.

Hata hivyo, redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi na mchapishaji wake tu. Mwimbaji na kampuni iliyorekodi hawapati kitu. Aretha alifariki mwaka 2018 sheria ikiwa hivyo hivyo.

Wenye redio hujitetea kwamba wanamtangaza mwimbaji bure. Lakini msomaji, matangazo ya biashara wanayouza yanasikilizwa kwa ajili ya sauti hiyo hiyo. Mgema husifiwa, lakini tembo hulipiwa.

Basi madai ya kampuni za santuri ni ya haki, ila tuutazame mgawo. Kwa redio za intaneti, zinazolipa chini ya sheria zilizoanza mwaka 1995, nusu ni ya mwenye rekodi, asilimia 45 ya mwimbaji mkuu, na 5 ya waitikiaji na wapiga vyombo. Redio zote zifuate walau mgawo huo. Kampuni ikiachiwa yote, heshima aliyoidai Aretha italipwa kwa mwingine.