Kiti cha Mwimbaji Aliyeondoka

Wimbo wa zamani wa orkestra ya OK Jazz ukipigwa Kadutu au Nguba, hapa Bukavu, ubishi hauchelewi kuzuka mezani. Mwimbaji huyu ni Sam Mangwana, mmoja atasema. Mwingine atamkatiza: hapana, ni Josky. Hakuna anayeuliza kama ni OK Jazz yenyewe, kwa sababu magitaa yameshajibu kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Orkestra hiyo ilizaliwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) tarehe 6 Juni 1956, ikachukua jina kutoka OK Bar ya Oscar Kashama. Franco Luambo, aliyekuja kuwa kiongozi wake, aliishi nayo hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1989. Katika miaka hiyo 33 waliingia na kutoka watu wengi, na wengine hawakuwa watu wa kuzibwa pengo kwa urahisi. Vicky Longomba, mwanzilishi, aliondoka. Verckys na saksafoni yake aliondoka mwaka 1969. Orkestra haikufa.

New York wana njia yao ya kujaza nafasi ya aliyeondoka. Mchezo wa muziki The Phantom of the Opera ulionyeshwa Broadway mara 13,981 tangu 1988 hadi 2023, na kila mwigizaji mpya alivaa vazi la mhusika yule yule na kuimba noti zile zile. Kuingia katika nafasi ya mtu bila watazamaji kuona pengo ni ufundi wa kuheshimiwa. Franco alikwenda njia nyingine: mgeni alipoingia, alishonewa wimbo wa kipimo chake.

Hilo liliwezekana kwa sababu chini kulikuwa na watu wasioyumba. Sikiliza gitaa la kusindikiza la Lutumba Simaro, aliyeingia mwaka 1961. Linakaa chini ya gitaa la solo, likirudia noti chache fupi, bila haraka na bila kutaka kusifiwa. Mwimbaji mpya akilegalega, anaegemea hapo. Sauti za kuitikia nazo zinampokea kila mwisho wa mstari. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea dansi, ikifika, mchezaji hana muda wa kukumbuka nani ameondoka.

Mangwana alipofika mwaka 1972, akiwa amelelewa kimuziki upande wa Tabu Ley Rochereau, Simaro alimtungia nyimbo za kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Katika “Mabele”, sauti yake laini inatembea polepole na magitaa yanamsubiri. Naye akaondoka.

Madilu System aliingia mwaka 1980. Hakupewa koo la Mangwana aliigize. Alikaa, akangoja, na “Non” ya mwaka 1983 ikamtambulisha. Kisha “Mario”, mwaka 1985: Franco anagomba kwa sauti nzito, karibu anasema tu, kama mzazi aliyechoka, naye Madilu anapanda juu kwa sauti nyembamba yenye majonzi. Bila ule uzito, majonzi yake yangekuwa kilio kitupu. Hapo ndipo unapoona jicho la kiongozi: alitambua sauti ile inakosa nini, akaja mwenyewe kukaa pembeni yake.

Si kwamba hakuna kilichopotea. Wimbo uliotungiwa koo moja ukiimbwa na jingine hupungua kidogo, na msikilizaji wa siku nyingi huipata tofauti hiyo. Lakini mwenye orkestra anayeongeza nyimbo mpya kila anapopata mtu mpya, hazina yake inakua hata watu wakiondoka.

Hilo nawaambia wakubwa wa orkestra za baa hapa Bukavu. Mnampa kijana “Mario” siku yake ya kwanza, mnamtaka alie kama Madilu, na kufika ubeti wa pili koo limekauka. Mtungieni wimbo wake kwanza. “Mario” ataiimba baadaye, na ataiimba vizuri zaidi.