Dakika 7 au 14: Adagietto ya Mahler ilivyorefuka

Mwezi Mei 1926, mjini Amsterdam, Willem Mengelberg aliiongoza Orkestra ya Concertgebouw kurekodi sehemu ya nne ya Simfoni ya Tano ya Gustav Mahler, ile iitwayo Adagietto. Ilichukua takriban dakika 7. Mwaka 1988, mjini Berlin, Bernard Haitink, Mholanzi mwenzake na mmoja wa warithi wake katika kuiongoza orkestra hiyohiyo ya Amsterdam, aliirekodi sehemu hiyo na Orkestra ya Filhamoni ya Berlin. Ikachukua karibu dakika 14. Noti ni zilezile. Hakuna kipimo kilichorudiwa wala kilichoongezwa. Muda tu ndio uliokuwa maradufu.

Msikilizaji akiulizwa sababu, mara nyingi hujibu kwamba kila mwongozaji ana ladha yake. Jibu hilo si la uongo, ila linafunga mlango mapema mno. Tofauti hii ina mizizi katika namna ya kuhesabu mapigo, katika chombo cha kurekodia, katika vidole vya wapigaji fidla, na katika kisa ambacho dunia ilikuja kukibandika juu ya muziki huu. Nimezisikiliza rekodi hizi kwa miaka, na kadiri ninavyozirudia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ushahidi mzito kuliko wote kuhusu mwendo wa Adagietto haumo ndani ya Adagietto. Umo katika sehemu inayoifuata.

Maandishi yenyewe

Mahler aliitunga Simfoni ya Tano katika viangazi vya 1901 na 1902, nyumbani kwake Maiernigg, kusini mwa Austria, akaiongoza kwa mara ya kwanza mjini Cologne tarehe 18 Oktoba 1904. Ina sehemu tano. Inafunguliwa na tarumbeta pekee na mwendo wa mazishi, inafungwa kwa shangwe. Kabla ya shangwe hiyo, ala zote za kupuliza na ngoma zinanyamaza, na Adagietto inabaki kwa nyuzi na kinubi.

Ina vipimo 103 vya mapigo manne. Mwanakwaya aliyezoea sol-fa ataifuata bila taabu: iko katika ufunguo wa F, na fidla za kwanza zinaingia kwa so, la, ti, kisha zinaiegemea ti kabla ya kuiachia itue kwenye do. Kabla ya fidla kuingia, viola na kinubi vimetoa noti za A na C tu, na sikio halijajua kama tuko F meja au A maina. Linasubiri besi ilitulize. Basi tangu pumzi ya kwanza muziki huu umejengwa juu ya kungoja, na kila mwongozaji analazimika kuamua tungoje kwa muda gani.

Juu ya ukurasa Mahler ameandika kwa Kijerumani kwamba mwendo uwe wa polepole sana. Hilo ndilo tegemeo la wanaokwenda taratibu. Lakini maelekezo hayaishii hapo. Baada ya mwanzo anawaonya wapigaji wasikokote, na mbele zaidi anataka muziki utiririke. Hata jina lina ushahidi wake: adagietto ni adagio ndogo, nyepesi kuliko mama yake. Mtunzi aliyetaka uzito wa adagio kamili alijua namna ya kuandika hivyo, na katika simfoni nyingine aliandika.

Mkono uleule, hesabu nyingine

Tufanye hesabu ndogo. Vipimo 103 vya mapigo manne ni mapigo 412. Yakipigwa kwa dakika 7, wastani ni mapigo 59 kwa dakika, karibu na mwendo wa mtu anayetembea polepole sana. Yakipigwa kwa dakika 14, wastani unashuka hadi 29, na hapo hakuna mguu wa mwanadamu unaotembea hivyo. Sikio halikubali kungoja kiasi hicho kati ya pigo na pigo. Linaligawa pigo mara mbili na kuanza kuhesabu nusu zake. Sasa hesabu nusu hizo: ni 824, na kwa dakika 14 wastani wake ni 59 kwa dakika.

Ni namba ileile. Hiyo ndiyo siri ya kiufundi ya rekodi ndefu. Mapigo ya moyo wa msikilizaji hayakubadilika, kilichobadilika ni kitu kinachohesabiwa. Kilichokuwa nusu ya hatua kimekuwa hatua nzima.

Matokeo yake yanasikika mara moja katika zile noti tatu za mwanzo. Kwa Mengelberg, so, la, ti ni ishara moja ya mkono, kama mtu anayemnyanyulia mwenzake shela. Kwa Haitink ni ngazi tatu, na kila ngazi inakanyagwa kwa uzito wake. Kinubi nacho kinageuka. Katika mwendo wa haraka noti zake zinaunda mawimbi yanayoisukuma lahani mbele. Katika mwendo wa polepole zinadondoka moja moja, kama matone ya mwisho kutoka kwenye makuti baada ya mvua. Vyote viwili ni vizuri. Lakini ni kazi mbili tofauti: katika ya kwanza kinubi kinabeba, katika ya pili kinapamba.

Je, santuri ndiyo iliyoharakisha?

Wapo wanaodai kwamba rekodi za zamani ni fupi kwa sababu ya chombo. Hoja hiyo inastahili kupimwa. Upande mmoja wa santuri ya shelaki ya inchi 12 ulibeba dakika 4 na ushei. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, alikutana na ukuta huohuo: wimbo uliozoea kurefushwa na waimbaji barazani ulilazimika kukatwa ili utoshee kwenye upande. Adagietto ya Mengelberg ilijaza pande mbili, na ile ya Bruno Walter na Orkestra ya Filhamoni ya Vienna, iliyorekodiwa Januari 1938 kwa karibu dakika 8, ilijaza pande mbili vilevile.

Hata hivyo, hoja ya chombo inavunjika mara mbili. Kwanza, mwaka 1947 Walter aliirekodi simfoni nzima na Orkestra ya Filhamoni ya New York. Kazi ya saa nzima ilihitaji pande nyingi kwa vyovyote vile, na upande mmoja zaidi usingeleta tofauti kubwa. Walter hakuutumia uhuru huo kujinyoosha. Alichukua takriban dakika 7 na nusu, pungufu kuliko mwaka 1938. Pili, muda unaotajwa katika kumbukumbu za maonyesho aliyoyaongoza Mahler mwenyewe ni kati ya dakika 7 na 9, na ukumbini hapakuwa na santuri ya kumkimbiza mtu.

Tukumbuke pia watu hawa walikuwa nani. Walter alikuwa msaidizi wa Mahler katika opera ya Vienna kuanzia 1901. Mengelberg alikuwa rafiki yake, na orkestra ya Concertgebouw ilikuwa imeipiga Simfoni ya Tano chini ya mkono wa Mahler mwaka 1906, miaka 20 tu kabla ya rekodi ile. Katika nakala yake ya muziki, Mengelberg aliandika kwamba Adagietto ni tamko la mapenzi la Mahler kwa Alma, mwanamke aliyemwoa Machi 1902. Barua ya mapenzi haisomwi kwa mwendo wa jeneza.

Vidole vinavyoteleza

Mwendo hausimami peke yake. Sikiliza tena Mengelberg, safari hii ukiiacha saa na kufuata vidole. Fidla zinapohama kutoka noti moja hadi nyingine ya mbali, kidole hakinyanyuki. Kinateleza juu ya uzi, na njia nzima inasikika. Aliyekulia karibu na taarabu ya Unguja ataujua mtelezo huu bila kufundishwa, maana fidla za kule nazo hazipendi kuruka zinapoweza kuteleza. Kwa Mengelberg mtelezo huo haukuachwa kwa kila mpigaji afanye apendavyo: kundi zima linateleza pamoja, mahali palepale, kwa kiasi kilekile.

Mtelezo unafanya kazi ya kiufundi. Unaziba nafasi kati ya noti, hivyo lahani haihitaji kurefushwa ili isikike kama uimbaji. Mpigaji anaweza kwenda mbele na bado akaonekana hana haraka. Walter na watu wa Vienna mwaka 1938, wakati ambapo Arnold Rosé, shemeji wa Mahler, bado alikuwa katika orkestra hiyo, wanateleza kwa haya zaidi, lakini wanateleza. Miezi miwili baadaye Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria, na Walter na Rosé, wote Wayahudi, wakapoteza nafasi zao. Namna moja nzima ya kupiga fidla ilitawanyika pamoja na watu wake.

Fika sasa kwa Herbert von Karajan na Filhamoni ya Berlin mwaka 1973, karibu dakika 12. Mtelezo umekaribia kutoweka. Badala yake kuna mtetemo usiokatika na upinde unaobadilishwa bila mshono, kiasi kwamba huwezi kusema noti imeanzia wapi. Sauti imekuwa nene na yenye kung'aa, na sauti kama hiyo inataka nafasi ya kujitandaza. Mwendo wa polepole na ufundi huu mpya vilizaliwa pamoja: kila kimoja kilihitaji kingine.

Jinsi kifo kilivyoingia

Tarehe 8 Juni 1968, Leonard Bernstein aliiongoza Adagietto katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York, kwenye mazishi ya Robert Kennedy. Mwaka 1971 Luchino Visconti akaitumia tangu mwanzo hadi mwisho wa filamu yake kuhusu mtunzi anayefia Venice. Kuanzia hapo, kwa mamilioni ya watu, noti hizi ni za msiba.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuitwika filamu mzigo wote. Bernstein alikuwa amekwisha kuirekodi kwa takriban dakika 11 mwaka 1963, miaka mitano kabla ya mazishi yale. Na wanaokwenda polepole wana hoja ya kweli: Adagietto inafanana sana na wimbo ambao Mahler aliutunga mwaka 1901 kwa shairi la Rückert, kuhusu mtu aliyejitenga na ulimwengu. Utulivu wa wimbo ule umo humu. Kilichofanywa na filamu ni kuugeuza utulivu huo kuwa maombolezo, na waongozaji wengi wakazidi kurefusha.

Mkondo huo uligeuka. Mwaka 1992 Gilbert Kaplan, Mmarekani aliyejitolea kuutafiti muziki wa Mahler, alichapisha nakala ya mwandiko wa Adagietto pamoja na hoja za kutetea mwendo wa zamani. Filhamoni ya Berlin ni kipimo kizuri hapa, kwa kuwa ni orkestra moja: karibu dakika 12 na Karajan, karibu 14 na Haitink, kisha takriban 9 na Claudio Abbado mwaka 1993, na 9 na nusu na Simon Rattle mwaka 2002. Ndani ya miaka mitano kati ya Haitink na Abbado, thuluthi nzima ya muda ilitoweka.

Ushahidi ulioko mbele

Sasa twende kwenye sehemu ya tano. Mahler anaamuru ianze bila kusimama. Nyuzi zinafifia kwenye F meja, na baragumu moja inatoa noti ya A. Katika ufunguo wa F noti hiyo ni mi, mojawapo ya zile mbili tulizozisikia kabla ya lahani kuanza. Lakini ufunguo unaokuja ni D, na humo noti ileile ni so. Kwa pumzi moja ya mpulizaji, kumbukumbu ya usiku inakuwa asubuhi.

Kisha, katikati ya shamrashamra za sehemu hiyo, lahani ya sehemu ya kati ya Adagietto inarudi, nyepesi na yenye kucheza, zaidi ya mara moja. Kwangu mimi hapa ndipo mtihani wa kila rekodi ulipo. Mtunzi hairudishi lahani ili ipite bila kutambuliwa. Anataka msikilizaji ashtuke kwa furaha: kumbe ni wewe!

Kwa Walter mwaka 1947 mshtuko huo unakuja bila kuutafuta, kwa kuwa lahani ilikuwa inatembea tangu awali na sasa imeanza kucheza. Kwa Abbado vilevile. John Barbirolli, aliyeirekodi Watford, karibu na London, mwaka 1969 na New Philharmonia kwa karibu dakika 10, yuko mpakani, lakini anafaulu, kwa sababu anaziacha selo ziimbe kwa vishazi virefu na pigo halisahauliki. Kwa Haitink wa 1988 nausikia uzuri usio na kifani katika ukimya wa mwanzo, wapigaji wakishika sauti nyembamba kabisa pasipo kutetereka, na ufundi huo nauheshimu kwa dhati. Lakini baragumu inapolia, lahani ile imekwisha kuyeyuka. Inaporudi ikicheza, siitambui mpaka nijikumbushe.

Ndiyo maana nashauri usiisikilize Adagietto peke yake, hata kama santuri na filamu zimetuzoesha hivyo. Anza na sehemu yake ya kati, ivuke ile A ya baragumu, endelea mpaka lahani irudi. Fanya hivyo kwa Walter wa 1947, kisha kwa Haitink. Saa unaweza kuiacha mezani. Utajua mwenyewe ni wapi ulipokutana na mtu uliyemfahamu, na ni wapi alipokupita kama mgeni.