Jozi ya Bunduki Mbili: Wadunguaji Wanawake wa Kisovieti Walivyofanya Kazi

Mdunguaji wa Kisovieti Lyudmila Pavlichenko alipofika Marekani mwaka 1942, waandishi wa habari walitaka kujua kama wanawake wa mstari wa mbele hujipodoa, na sketi ya sare yake nayo ikajadiliwa urefu wake. Alikuwa ametoka vitani Sevastopol, amejeruhiwa na kombora mwezi Juni, akatolewa mjini humo kwa nyambizi, na jina lake limeandikiwa kuua Wajerumani na Waromania 309. Swali ambalo lingemfaa msomaji lilikuwa jepesi zaidi: kazi yenyewe ilifanywaje?

Simulizi nyingi hujibu kwa kutaja jicho kali na moyo mgumu. Vyote viwili vilihitajika, lakini jeshi haliwezi kuagiza macho makali kwa maelfu kama linavyoagiza viatu. Umoja wa Kisovieti ulifanikiwa kwa sababu uligeuza udunguaji kuwa ufundi wa kufundishika: shule, bunduki ya kawaida, kazi ya watu wawili wawili, na daftari la kuandikia matokeo. Ufundi huo wote ulisimama juu ya sharti moja ambalo halikuwa mikononi mwa wasichana wala wakufunzi wao, nalo ni kwamba mstari wa mbele utulie mahali pamoja.

Mizizi yake ni ya kabla ya vita. Chama cha kiraia cha Osoaviakhim kilikuwa na vilabu vya kulenga shabaha nchi nzima, na kijana aliyefuzu alivikwa beji yenye jina la Voroshilov, mkuu wa ulinzi wa nchi wakati huo. Pavlichenko alianzia huko, akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha Arsenal mjini Kyiv, kabla hajawa mwanafunzi wa historia chuoni. Kwa hiyo mwaka 1941 alipokwenda kujiandikisha, maofisa waliotaka kumfanya muuguzi walikuwa wanampeleka pabaya mtu ambaye tayari alikuwa na fani. Wengi wa wadunguaji wanawake wa mwanzo walikuwa wa aina hiyo, watu wa vilabu waliojitolea mmoja mmoja.

Wa kujitolea huisha. Mwezi Mei 1943 serikali ilianzisha rasmi Shule Kuu ya Wanawake ya Mafunzo ya Udunguaji, kwanza Veshnyaki karibu na Moscow, na baadaye ikahamia karibu na Podolsk. Mkuu wake wa mwanzo, Nora Chegodayeva, alikuwa amepitia vita vya Hispania. Mpaka vita vinakwisha, shule ilikuwa imetoa wadunguaji 1,061 na wakufunzi 407. Hiyo namba ya pili hupitwa haraka na wasomaji, ilhali inaonyesha hesabu ya waliopanga mpango: mdunguaji mmoja ni bunduki moja, mkufunzi mmoja ni bunduki nyingi.

Makuruta walinyolewa nywele kama wavulana, wakapewa sare zilizoshonwa kwa vipimo vya wanaume na viatu vilivyowapwaya, wakafundishwa kuzungushia vitambaa miguuni ili visiwachubue. Walichimba mashimo, wakatambaa kwa tumbo, wakapiga gwaride, halafu ndipo wakalenga. Aliyetaka kufyatua risasi siku ya kwanza alipewa sepetu.

Bunduki yenyewe haikuwa ya ajabu. Mosin ya mwaka 1891, iliyoboreshwa 1930, ndiyo iliyobebwa na askari wa kawaida wa miguu. Ya mdunguaji ilichaguliwa kwa usahihi wake, ikafungwa darubini ndogo iitwayo PU inayokuza mara tatu na nusu, na mkono wa bolti ukapindwa kuelekea chini ili usigonge darubini. Ilikuwa na urefu wa sentimita 123 na uzito wa zaidi ya kilo nne, mzigo si haba kwa msichana wa miaka kumi na tisa. Darubini ilikaa juu kabisa ya mahali pa kuingizia risasi, kwa hiyo zile tano za magazini hazikuweza kusukumwa ndani kwa mkupuo. Ziliingizwa moja moja. Askari wa kushambulia angeona huo ni ulemavu wa silaha. Mdunguaji hakujali sana, maana akishafyatua mara mbili kutoka sehemu moja, ya tatu huenda ikawa ya adui.

Ndani ya darubini hiyo ndimo sehemu ya ufundi inayosahaulika zaidi. Anayeangalia haoni msalaba mwembamba kama wa sinema. Anaona nguzo moja yenye ncha ikitokea chini, na mistari miwili minene ya ulalo, mmoja kushoto na mmoja kulia, yenye uwazi katikati. Mistari hiyo ni rula. Unene wake ni sehemu mbili za elfu, maana yake kwa umbali wa mita 1,000 kila mmoja unafunika kitu cha mita mbili. Mabega ya mtu mzima yana upana wa karibu nusu mita. Mdunguaji akiona mabega ya mlinzi wa Kijerumani yanalingana na unene wa mstari, anazidisha nusu mita kwa elfu moja, anagawanya kwa mbili, anapata mita 250. Mabega yakiwa nusu ya unene huo, mlinzi yuko mita 500. Hesabu ni ya darasa la nne, ila inafanywa na mtu aliyelala kwenye matope, vidole vimekufa ganzi, na mlinzi huyo atakuwa wazi kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

Baada ya umbali kuna mwendo. Risasi ya Mosin hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 865 kwa sekunde, lakini hupungua njiani, na kufika mita 400 huichukua zaidi kidogo ya nusu sekunde. Mtu anayetembea hatua za kawaida husogea karibu mita moja katika muda huo. Ukimlenga katikati ya kifua, risasi itapita nyuma yake bila hata kumgusa koti. Kuna upepo pia, na kuna baridi: hewa nzito ya Januari huipunguzia risasi mwendo na baruti iliyopoa husukuma kwa nguvu ndogo, kwa hiyo risasi hushuka chini ya pale ilipofika wakati wa kiangazi. Kwa yote hayo kulikuwa na vigurudumu viwili juu ya darubini, kimoja cha kupandisha na kushusha, kingine cha kwenda pembeni. Mtu mwenye macho makali asiyejua kuvizungusha angeishia kuwaamsha Wajerumani tu.

Siku ya kazi ilianza gizani. Jozi ilitoka handakini kabla ya alfajiri, ikatambaa hadi kwenye shimo lililochimbwa usiku, mara nyingi mbele ya mahandaki ya wenzao, katika eneo lililokuwa kati ya majeshi mawili. Walikaa humo mpaka giza lirudi. Hakuna kuinuka, hakuna moto, hakuna kwenda haja kwa namna ya kawaida. Wakati wa theluji walivaa nguo nyeupe za kujifunika gubigubi na glavu zenye kidole cha kufyatulia kilichoachwa peke yake, na wengine waliweka theluji mdomoni ili mvuke wa pumzi usiwafichue.

Jua lilikuwa na ratiba yake. Kwa sehemu kubwa Wasovieti waliangalia magharibi, kwa hiyo asubuhi jua lilikuwa mgongoni mwao na likawamulikia mahandaki ya Wajerumani mpaka vifungo vya makoti. Alasiri mambo yaligeuka: kioo cha darubini kikielekezwa kwenye jua la jioni humeta, na kumeta mara moja kunatosha. Asubuhi ilikuwa ya kuwinda, jioni ikawa ya kunyamaza na kuandika kichwani nani hutokea wapi.

Kwa nini wawili? Jicho lililokazwa kwenye darubini huchoka upesi, likaanza kuona vitu visivyokuwepo na kutoona vilivyopo. Wawili hupokezana, mmoja akipekua ardhi na mwingine akipumzisha macho, na anayefyatua humwachia mwenzake kazi ya kuona risasi imeangukia wapi, kwa sababu bunduki iliyoruka begani haimwonyeshi mwenyewe. Jozi pia ilikuwa shahidi. Ilikuwa hata zaidi ya hapo: wasichana hawa walilala pamoja, walikula pamoja, na walijua wakikamatwa hai kitakachofuata. Natalya Kovshova na Mariya Polivanova, marafiki waliojiunga pamoja Moscow mwaka 1941, walizingirwa karibu na kijiji cha Sutoki tarehe 14 Agosti 1942. Wote wawili wameshajeruhiwa na risasi zimekwisha, wakasubiri Wajerumani wakaribie, wakalipua mabomu ya mkono waliyobaki nayo.

Sasa zile namba. Kila mdunguaji alikuwa na kijitabu, na kila aliyeangushwa aliandikwa humo kwa ushahidi wa mtu mwingine, mwenza au ofisa aliyekuwa akichungulia. Utaratibu ni mzuri kuliko sifa za mdomoni, lakini kinachothibitishwa ni kwamba mtu alionekana akianguka umbali wa mita mia tatu au mia nne. Huenda alikufa. Huenda alijeruhiwa, au alijitupa chini kwa akili zake mwenyewe. Hakuna aliyevuka kwenda kupima mapigo ya moyo. Ndiyo maana wanahistoria wameitilia shaka 309 ya Pavlichenko, hasa kwa kuwa magazeti ya nchi yake yalihitaji mashujaa mwaka ule, na kwa maoni ya mwandishi huyu shaka hiyo ni halali bila kumpunguzia mama huyo chochote. Namba inayoeleza kazi vizuri zaidi ni ile ya shule nzima: wahitimu wake walihesabiwa kuwa wameangusha zaidi ya maadui 11,000, yaani kama kumi kwa kila mdunguaji. Kumi, kwa miezi ya kulala kwenye mashimo. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya fani hii.

Roza Shanina alikuwa juu ya kawaida hiyo. Alizaliwa 1924 katika mkoa wa Arkhangelsk, akapewa jina kwa heshima ya mwanamapinduzi Rosa Luxemburg, akafanya kazi katika shule ya chekechea. Kaka yake aliuawa mwaka 1941. Aliingia shule ya udunguaji Juni 1943, akahitimu kwa alama za juu Aprili 1944, akakataa kubaki kuwa mkufunzi, akapelekwa Divisheni ya 184, upande wa Vitebsk. Siku chache baadaye alimpiga mtu wa kwanza. Miguu ikamlegea, akateleza chini ya handaki akisema ameua mtu, na wenzake wakamkimbilia kumtuliza. Sifa yake baadaye ilikuwa kupiga mara mbili mfululizo, risasi mbili kwa walengwa wawili, jambo ambalo kwa bunduki ya bolti linadai mkono wa haraka na kichwa kilichokwisha kupanga wa pili kabla wa kwanza hajaanguka.

Lakini mwezi Juni 1944 Jeshi Jekundu lilianza mashambulizi makubwa ya Belarus, na mstari ukaondoka mahali ulipokuwa. Hapa ndipo ufundi wote uliokwisha kuelezwa ulipoanza kukosa nafasi. Shimo lililochimbwa usiku linafaa nini kama kesho kikosi kiko kilomita ishirini mbele? Umbali uliopimwa kwa wiki nzima hauna thamani, na mlinzi aliyezoeleka ametoroka. Makamanda walijibu kwa kuwaweka wadunguaji wanawake nyuma, wakisubiri mstari utulie tena. Kitaalamu walikuwa sahihi: mtu aliyegharimu miezi ya mafunzo hapelekwi kukimbia na bayoneti. Shanina hakukubali. Alitoroka mara kwa mara kwenda mbele, akaadhibiwa kwa hilo, akaandika barua za kuomba ruhusa, zikiwemo alizomwandikia Jenerali Krylov, kamanda wa Jeshi la 5.

Wengine vita vyenyewe viliwabadilisha kazi. Aliya Moldagulova, msichana wa Kikazaki aliyepitia shule hiyohiyo, aliuawa Januari 1944 akiongoza askari wa miguu katika shambulio. Tatyana Baramzina, macho yake yalipoanza kudhoofika, aligeuzwa mhudumu wa simu. Julai 1944 kikosi chake kilizidiwa nyuma ya mstari wa adui, yeye akakamatwa na kuuawa. Wote wawili walitunukiwa ushujaa wa juu kabisa wa nchi baada ya kufa, kwa kazi ambayo shule haikuwafundisha.

Shanina alipata ruhusa yake majira ya baridi ya 1945, Prussia Mashariki. Tayari alikuwa na Nishani ya Utukufu ya daraja la tatu na la pili, na hesabu yake ilifika 59. Katika barua ya Januari aliandika kwamba batalioni yake ya watu 78 imebakiza sita. Kwenye mapigano ya namna hiyo darubini ya PU haimlindi mtu na vipande vya kombora: tarehe 27 Januari alijeruhiwa kifuani alipokuwa akimkinga ofisa wa mizinga aliyejeruhiwa, na siku iliyofuata akafa, hajatimiza miaka 21.

Aliacha shajara, kitu ambacho askari wa Kisovieti hakuruhusiwa kuwa nacho mstari wa mbele. Mwandishi wa habari wa kivita Pyotr Molchanov aliihifadhi Kyiv kwa miaka ishirini kabla ya sehemu zake kuchapishwa mwaka 1965. Kwa anayechambua kazi hii, daftari hilo lina manufaa zaidi kuliko kijitabu cha hesabu, kwa sababu Shanina anaandika na siku ambazo hakufyatua kitu: kuvizia bure, kuomba lifti ya kurudi mbele, kugombana na wanaomzuia, na kutojua atafanya nini vita vikiisha.