Kuijua Mashua Kabla ya Kuipanda: Mwongozo wa Kendu Bay

Mtu anayekwenda Kendu Bay, kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, kwa likizo ya majini huanza kwa kuuliza bei. Ningependa aanze kwa kuomba aonyeshwe mashua ikiwa nchi kavu, imelalia ubavu mchangani, kabla haijasukumwa. Ikishaelea, sehemu anayopaswa kuikagua imekwisha kuzama.

Mashua nyingi unazoweza kukodi hapa ni zile zile zinazokwenda kuvua mbuta, ngege na omena, na hilo ni jema. Mashua ya mvuvi imejengwa ibebe uzito, ikabili mawimbi na irudi nyumbani kila siku, kwa hiyo uzembe wa fundi haufichiki kwa muda mrefu. Naiamini kuliko boti iliyowekewa paa zito na maspika kwa ajili ya kuwavutia wageni. Paa huinua uzito juu na kushika upepo, na dhoruba ikija ghafla huwezi kulishusha kama unavyotua tanga.

Umbo la mashua hii ya mvuvi lina asili mbili. Moja ni sese ya visiwa vya Ssese huko Buganda, mashua ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi, yenye omo (sehemu ya mbele) refu lililochongoka. Mvumbuzi Stanley alizikuta za Kabaka Mutesa mwaka 1875. Nyingine ni tanga la pembetatu, lililoingia ziwani kutoka Bahari ya Hindi. Misumari imechukua nafasi ya nyuzi, lakini omo lililochongoka limebaki, na lina sababu. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake kirefu kabisa ni takriban mita 80, na Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi zaidi. Upepo ukivuma juu ya maji mafupi, mawimbi huwa ya karibukaribu na yenye miinuko mikali. Omo butu huyapiga kifua na kuwalowesha abiria. Omo jembamba lililoinuka huyapasua.

Anza ukaguzi na mkuku, uti wa mgongo wa mashua. Chutama nyuma yake, kwenye shetri, fumba jicho moja, utazame hadi omoni. Mstari unapaswa kunyooka. Mkuku ulioinuka katikati huku ncha zake zikishuka ni dalili ya mashua iliyochoka, ama kwa kubebeshwa kupita kiasi, ama kwa kuegeshwa vibaya miaka mingi. Kisha nenda mbele, uzilinganishe mbavu za kulia na za kushoto. Ubavu mmoja ukitanuka kuliko mwingine, mashua itavuta upande mmoja na nahodha atapigana na usukani safari nzima.

Mbao bora ni mvule, mti usiooza upesi, lakini umeadimika na bei yake imepanda. Siwalaumu mafundi wanaotumia mbao za bei nafuu ubavuni. Ninachodai ni kwamba mkuku na mataruma, ile mifupa ya ndani, viwe vya mti mgumu. Tazama pia maungio. Ubao mmoja haufiki kutoka omo hadi shetri, basi lazima uungwe. Fundi mzuri huyapishanisha maungio ili la ubao wa juu lisikae juu ya lile la ubao wa chini. Yakipangana katika mstari mmoja, hapo ndipo mashua itakapovunjikia.

Sasa ingia ndani, maana sehemu hii ndiyo wageni wengi huiruka. Pwani, adui wa mbao ni yule mdudu wa bahari anayetoboa matundu, na mafundi wa huko wana dawa zao dhidi yake. Ziwani hayupo, kwa kuwa haishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Lakini chumvi nayo huzuia kuoza, na hapa haipo. Maji ya mvua yaliyotuama kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, huila mashua kimyakimya kutoka ndani. Inua mbao za kukanyagia. Omba ruhusa, kisha bonyeza kwa ncha ya kisu pale taruma linapokutana na mkuku. Mti mzima hukataa kisu, uliooza hukipokea. Gonga kwa kifundo cha kidole ubao mmoja baada ya mwingine: mlio mkavu ni mzuri, mlio uliozibwa unataka maelezo. Rangi mpya ya nje isikushawishi. Nyufa hupakwa rangi nje, na ndani mara nyingi huachwa zilivyo. Kipande cha bati kilichopigiliwa misumari juu ya ubao nacho kinahitaji kuulizwa kinafunika nini.

Kalafati ni kazi ya subira kuliko zote. Pamba hushindiliwa kati ya mbao, si kwa nguvu ya kuzitanua wala kwa ulegevu wa kuchomoka. Pitisha kidole kwenye mshono: usikie ukingo ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho. Misumari nayo iwe isiyoshika kutu. Michirizi myekundu chini ya kila msumari maana yake kutu imeanza kuula, na kinachoshikilia ubao kinapungua.

Isukumwe sasa. Maji kidogo ngamani si kosa. Mashua iliyokaa juani huvuja mwanzoni mpaka mbao zivimbe na kubanana. Angalia yanaingilia wapi. Unyevu unaosambaa polepole kwenye mshono utakoma. Tundu linalotiririka halitakoma. Lazima pawe na upo, hata kama ni jerikeni iliyokatwa, na lazima pawe na mtu ambaye kazi yake ni kufua maji.

Watu wakishakaa wote, pima kwa mkono ubavu uliobaki juu ya maji. Chini ya shibiri mbili, mimi hushuka, na sioni haya. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania, kikiwa kimejaa kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 200 walikufa huku nchi kavu ikionekana. Jaketi za uokoaji ziwe idadi ya watu, za watoto ziwe za watoto. Vuta kila kifungo. Jaketi lililokaliwa kama mto wa kiti hadi likabanwa halitakubeba.

Ubora wa nahodha huonekana katika saa anayochagua. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Mchana hugeuka, ukaingia ghubani kutoka magharibi. Wavuvi wa tanga wamepanga maisha yao juu ya mgeuko huo: hutoka na wa asubuhi, hurudi na wa mchana. Anayekubali kuondoka saa yoyote unayotaka wewe anauza kiti tu. Mwulize magugu maji yako wapi leo na yatasukumwa wapi baadaye, kwa sababu tandiko lake likifunga njia hata injini hunaswa. Mwulize viboko walionekana wapi. Mwulize pia kuhusu ufuo wenyewe: Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kuvunja rekodi ya 1964, likameza mashamba na miti ya kandokando, na nahodha mwenyeji anajua visiki vilikobaki.

Kuogelea kuna kipimo chake. Kichocho kipo Ziwa Victoria, na konokono wanaokibeba hupenda maji mafupi yaliyotulia kwenye majani. Nahodha anayekuambia uruke hapo hapo ufuoni, penye matete, hakujali. Mzuri hukupeleka mbali na majani, kwenye maji ya kina, na bado atakushauri ukapimwe hospitali baada ya wiki kadhaa; dawa ipo. Kwa Simbi Nyaima, lile ziwa la magadi karibu na mji, huhitaji mashua. Nenda kwa miguu, ukatazame ndege kutoka ukingoni.

Wakati wa kurudi, tazama anavyotia pwani. Hodari hutua tanga mapema, akaiacha mashua iteleze, na mwenzake wa omo akashuka na kamba kabla mkuku haujagusa mchanga. Akianza kufua maji na kusafisha ngama kabla hajapokea pesa zako, chukua namba yake ya simu na upange naye safari ya usiku kwa wavuvi wa omena. Chagua usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa omena huvutwa na taa na mwezi huzishinda nguvu. Beba nguo nzito, na mkubaliane kurudi kabla ya saa nane za usiku: dhoruba za ziwa hili hupenda kujijenga kuelekea alfajiri.